Goti Bandia kwa Mguu Uliowahi Kuvunjika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyevunjika mguu zamani, iwe kwa bodaboda, kwa gari au kwa kuanguka mtini, mfupa ukaunga, maisha yakaendelea, na sasa goti la mguu uleule linamnyima usingizi. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi tiba, na watu wa aina hii nawapokea kabla ya upasuaji na baada yake. Uamuzi ni wa daktari wa mifupa aliyekupima na kuziona picha zako. Ninachotaka ni uingie chumbani kwake ukijua la kusema na la kuuliza, kwa sababu goti la mguu uliowahi kuvunjika halipasuliwi kama goti lililochakaa kwa umri tu.

Mfupa uliunga miaka mingi iliyopita. Kwa nini goti linauma sasa?

Inategemea ulivunjika wapi. Kama ufa uliingia ndani ya kiungo, yaani kwenye ncha ya chini ya paja, kwenye pia ya goti, au kwenye ile sehemu bapa ya juu ya muundi ambayo paja hukalia, basi gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, iliumia siku ileile ya ajali. Mfupa huunga, lakini gegedu hairudi ilivyokuwa. Hata daktari akiupanga mfupa vizuri kabisa, gegedu iliyopondwa huendelea kulika polepole.

Kama ulivunjika mbali na goti, katikati ya paja au ya muundi, mara nyingi tatizo ni mpindo. Mfupa ukiunga umepinda, uzito wa mwili huegemea upande mmoja wa goti kila unapopiga hatua, na upande huo husagika kabla ya wakati. Halafu kuna kano, zile kamba ngumu zinazoshikanisha mifupa ya goti. Ajali yenye nguvu ya kuvunja mfupa inaweza kuchana na kano za goti, na goti linaloyumba halidumu.

Usikate tamaa mapema, lakini. Katika jimbo la Ontario, Kanada, watafiti walifuatilia watu zaidi ya 8,000 waliopasuliwa baada ya kuvunjika sehemu ya juu ya muundi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Baada ya miaka 10, asilimia 7.3 walikuwa wamewekewa goti bandia, ikilinganishwa na asilimia 1.8 ya watu waliofanana nao ambao hawakuvunjika. Hatari imepanda kweli, ila zaidi ya watu tisa kati ya kila kumi walikuwa bado wanatembelea magoti yao ya kuzaliwa.

Kwa hiyo si lazima nibadilishe goti?

Si lazima, na kwa kijana ningesema usikimbilie. Kuna mengi ya kujaribu kwanza: kuimarisha misuli ya paja, kupunguza uzito, dawa za maumivu kwa maelekezo ya daktari, na fimbo ishikwe mkono wa upande wa mguu mzima, si wa upande wa goti linalouma kama wengi wanavyofanya. Wakati mwingine kinachouma ni kichwa cha skrubu kinachokwaruza chini ya ngozi, na kukitoa tu kunaleta nafuu. Wakati mwingine mfupa uliopinda unaweza kukatwa na kunyooshwa, goti likabaki la kwako kwa miaka mingine mingi.

Umri una uzito katika jambo hili. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba takriban asilimia 82 ya magoti bandia hufika miaka 25. Habari njema hiyo. Lakini utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mwanamume anayewekewa goti akiwa na miaka ya mwanzo ya hamsini ana uwezekano wa takriban asilimia 35 wa kurudi kupasuliwa upya kabla hajafariki, wakati aliyepita miaka 70 ana takriban asilimia 5. Hayo ni magoti ya watu wa kila aina, wengi wao hawakuwahi kuvunjika. Mtu wa miaka 38 aliyevunjwa na pikipiki anapaswa kulifikiria goti la pili, pengine hata la tatu, kabla hajakubali la kwanza.

Matokeo yakoje kwa watu kama mimi?

Maumivu hupungua sana kwa wengi, na uwezo wa kutembea hurudi. Hili limeonekana katika tafiti nyingi: mtu aliyewahi kuvunjika akivuka salama kipindi cha matatizo, furaha yake haiko mbali na ya mgonjwa wa kawaida. (Hata kwa wagonjwa wa kawaida, takriban mmoja kati ya watano huwa hajaridhika kikamilifu, na ni haki yako kuambiwa hivyo kabla ya kusaini.)

Tofauti iko njiani. Mayo Clinic ya Marekani ilichapisha mwaka 2003 matokeo ya magoti 62 yaliyobadilishwa baada ya kuvunjika sehemu ya juu ya muundi. Asilimia 10 walipata tatizo wakiwa bado mezani, asilimia 26 walipata tatizo baadaye, na asilimia 21 walirudishwa chumba cha upasuaji. Vifaa vimeboreka tangu wakati huo, lakini mwelekeo umebaki uleule: upasuaji huchukua muda mrefu zaidi, vidonda hukawia, goti hukakamaa zaidi na maambukizi ni mengi zaidi. Kwa goti la kawaida, maambukizi ya ndani huwapata takriban watu 1 hadi 2 kati ya 100. Kwa goti lililowahi kupasuliwa na kuwekewa vyuma, kiwango kiko juu ya hapo.

Kwa nini kwangu iwe kazi ngumu kuliko kwa jirani yangu?

Fikiria anachokikuta daktari akifungua. Kwa jirani yako atakuta ngozi isiyo na kovu, tabaka zinazoachana kirahisi, mfupa ulionyooka wenye mfereji wa uboho ulio wazi. Mfereji huo ni muhimu kwake: kwa kawaida hupitisha fimbo ndefu ya chuma ndani ya paja, na fimbo hiyo ndiyo inayomwonyesha pembe ya kukatia mfupa.

Kwako, mfereji unaweza kuwa umezibwa na msumari (chuma kirefu kilichopitishwa ndani ya mfupa ili uunge), na skrubu, au na mfupa wenyewe ulipoungia. Fimbo haipiti. Inabidi apime kwa kifaa cha nje ya mfupa, au atumie kompyuta ya kuongoza upasuaji pale ilipo. Kisha kuna mashimo: upande mmoja wa muundi unaweza kuwa umedidimia tangu siku ya ajali, na hapo kipande bandia hakina pa kukaa mpaka shimo lijazwe kwa saruji maalumu ya mifupa, kwa mfupa, au kwa kabari ya chuma. Mara nyingi kipandikizi kinahitaji shina refu linaloingia ndani kabisa ya mfupa ili kishike. Na kama kano za pembeni hazifanyi kazi, goti la aina ya kawaida litayumba. Anahitaji lile lenye kujishikilia lenyewe, au hata lenye bawaba.

Kuna jambo moja zaidi ambalo madaktari huliogopa kwa haki. Ukano unaotoka kwenye pia ya goti kushuka hadi mbele ya muundi ukiwa umefupika na kugandana na makovu, unaweza kung'oka wakati daktari anajaribu kulikunja goti ili aone ndani. Uking'oka, mgonjwa anaweza kubaki hawezi kunyoosha mguu mwenyewe, na kuurekebisha ni kazi isiyo na uhakika. Ndiyo maana daktari mwenye uzoefu haoni tabu kuongeza muda, kukata kovu polepole, au hata kukata kwa makusudi kipande cha mfupa ambacho ukano umeshika na kukirudisha kwa skrubu mwishoni.

Vyuma vyangu vya zamani vitolewe kwanza?

Si vyote, na si kila mara kwanza. Chuma kisichozuia njia kinaweza kuachwa, kwa sababu kukitoa kunaongeza jeraha na kuacha matundu yanayoudhoofisha mfupa. Kinachozuia ndicho kitolewe. Skrubu mbili zikiwa karibu na goti zinaweza kutolewa siku ileile, kupitia mkato uleule. Bamba refu linalohitaji mkato mwingine mkubwa, au mguu unaoshukiwa kuwa na vijidudu, ni afadhali kugawa kazi mara mbili: leo vyuma vinatoka na vipande vidogo vya nyama vinapelekwa maabara kutafutwa vijidudu, kidonda kinapona, halafu goti baada ya wiki au miezi kadhaa.

Hapa naomba usome kwa makini kama ulitibiwa Afrika Mashariki. Hospitali nyingi za ukanda wetu hutumia msumari wa SIGN, uliotengenezwa na shirika la Marekani kwa ajili ya nchi ambazo vyumba vya upasuaji havina mashine ya eksirei ya kuonyesha mfupa papo hapo. Ni chuma kizima kisicho na tundu katikati, na umewasaidia watu wengi mno kutembea tena. Lakini kila aina ya msumari ina kifaa chake cha kuung'olea. Daktari akifungua mguu bila kujua ni aina gani, anaweza kukwama na mgonjwa yuko mezani. Tena msumari wa paja wakati mwingine uliingizwa kupitia goti lenyewe, na huo hauna budi kutoka. Tafuta kadi, barua ya kuruhusiwa, picha za zamani, hata kama ni lile filamu lililokunjwa chini ya godoro. Kama hospitali iliyokupasua ina rekodi, nenda kaombe.

Baada ya ajali mguu ulitoa usaha. Sasa umekauka kabisa. Nilazimike kusema?

Sema. Ukisema jambo moja tu siku hiyo, liwe hili.

Vijidudu vinaweza kukaa ndani ya mfupa kwa miaka bila kuuma na bila homa, ngozi ikiwa imefunga kabisa. Vikiwekewa chuma kipya juu yake vinaamka. Mtu aliyevunjika mfupa ukatokeza nje, aliyefungwa vyuma vya nje ambavyo matundu yake yalichuruzika, au aliyesafishwa mfupa zaidi ya mara moja, yuko kwenye kundi hili hata kama ilikuwa enzi za ujana wake.

Daktari ataagiza vipimo vya damu viwili, ESR na CRP, vinavyoonyesha kama mwili unapambana na kitu. Kama kuna shaka atanyonya majimaji ya goti kwa sindano na kuyaotesha maabara. Kwa ajili hiyo, usinywe antibiotiki yoyote kwa angalau wiki mbili kabla ya kunyonywa, isipokuwa daktari wako aseme vingine. Vidonge viwili vya amoksilini ulivyopewa dukani kwa kikohozi vinaweza kuficha vijidudu, kipimo kikasoma safi, na kosa likaonekana baada ya goti kuwekwa. Na hata vipimo vikiwa safi, hatari haifiki sifuri. Utaambiwa ukweli huo na utaamua wewe.

Nilitibiwa na mganga wa mifupa wa kienyeji. Daktari atanigombeza?

Asikugombeze. Ulikwenda ulikopelekwa na ndugu zako, au palipokuwa karibu, au ulipoweza kulipa. Mweleze ulifungwa mianzi kwa muda gani, kama ulichanjwa au kukandwa kwa dawa za moto, na kama mguu ulivimba au kutoka malengelenge. Chale na makovu ya kuungua yanabadilisha mahali pa kukata ngozi, na mfupa ulioungia bila kuvutwa mara nyingi umepishana na kufupika. Anahitaji kujua, basi.

Nina makovu mawili mbele ya goti. Yana shida gani?

Ngozi ya mbele ya goti hupata damu yake zaidi kutoka upande wa ndani. Ukikata mstari mpya sambamba na kovu la zamani na kuacha utepe mwembamba katikati, utepe ule unaweza kufa, ukawa mweusi, na chuma kikabaki wazi. Kwa hiyo daktari hupenda kupita kwenye kovu lililopo. Yakiwa mawili yaliyosimama, kwa kawaida huchagua la upande wa nje. Kovu la kulala hukatizwa kwa pembe ya mraba. Ngozi ikiwa imegandana na mfupa kiasi kwamba huwezi kuibana kwa vidole viwili, mtaalamu wa upasuaji wa ngozi anafaa aitwe kabla ya siku ya goti, si baada ya kidonda kufumuka.

Goti langu halikunjiki vizuri. Baada ya upasuaji nitaweza kuswali, kuchuchumaa, kupiga magoti?

Kipimo bora cha goti litakavyokunja baada ya upasuaji ni linavyokunja kabla. Aliyeingia na nyuzi 70 (mguu ulionyooka ukihesabiwa sifuri) anaweza kuongezewa, lakini si haki kumwahidi 130. Goti bandia zuri kwa kawaida hufika nyuzi 110 hadi 120, na kwa waliowahi kuvunjika mara nyingi ni pungufu ya hapo. Kukaa kwenye kiti na kuinuka kunahitaji nyuzi 90 na ushee. Kuchuchumaa chooni na kukaa tahiyatu kunataka kupita 130.

Kwa hiyo jipange mapema: choo cha kukalia, au kiti chenye tundu kinachowekwa juu ya choo cha shimo, na kiti cha kuswalia. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi, na wazee wengi wanafanya hivyo bila unyonge. Kupiga magoti kanisani hakuvunji goti bandia lililopona, lakini wengi hawapendi hisia yake, na ngozi ya mbele inaweza kubaki na ganzi. Haya yazungumzwe nyumbani pia. Nimeona mtu akiwa na goti zuri kabisa lakini amefungiwa ndani kwa sababu choo cha uani ni cha kuchuchumaa.

Mguu umepinda na umefupika. Utanyooka?

Mpindo ndiyo, kwa sehemu kubwa. Urefu, kidogo tu. Utapigwa picha ndefu ukiwa umesimama, inayoanzia nyonga hadi kifundo cha mguu, si ya goti peke yake. Bila picha hiyo mpindo wa katikati ya paja hauonekani, na goti linaweza kuwekwa sawa na picha ndogo huku mguu mzima ukiwa upogo. Mpindo wa chini ya takriban nyuzi 20 kwenye paja, au 30 kwenye muundi, mara nyingi hurekebishwa kwa namna mfupa unavyokatwa kwenye goti lenyewe. Ukizidi, au ukiwa karibu sana na kiungo, huenda mfupa ukakatwa na kunyooshwa kwanza. Ufupi unaobaki huongezewa kwa soli ya kiatu, fundi viatu yeyote mzuri ataiweka.

Nijiandae vipi?

Acha sigara angalau wiki nne kabla. Kama una kisukari, sukari yako ya miezi mitatu, ile HbA1c, ishushwe kwanza. Madaktari wengi hawapendi kupasua ikizidi 7.5 au 8. Jino bovu litolewe au lizibwe, fangasi za vidoleni zitibiwe, vidonda vya mguu vipone. Mwenye VVU anayetumia dawa vizuri na virusi vimefubazwa hazuiwi kwa sababu hiyo; aseme tu.

Na misuli. Kila siku, ukiwa umelala chali, kaza paja na ubonyeze nyuma ya goti kitandani, hesabu hadi tano, legeza. Mguu uliokaa miaka ukichechemea una paja jembamba, na paja jembamba halilibebi goti jipya.

Wiki za mwanzo zikoje?

Zinauma. Utasimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake, kwa magongo au fremu. Kazi kubwa ni mbili: kukunja, na kunyoosha kabisa. Ya pili husahaulika, hasa nyumbani ambako mama au mke mwenye huruma huja na mto na kuuweka chini ya goti. Unapumzika kweli, lakini goti linaganda likiwa limekunjwa, na mtu anatembea akichechemea maisha yake yote. Mto uwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie na kujinyoosha lenyewe. Nikimtembelea mgonjwa nyumbani, jambo la kwanza ninalotazama ni mto uko wapi.

Ikifika wiki ya 6 na bado hujafikia nyuzi 90, rudi kwa daktari. Goti lililokakamaa linaweza kukunjwa ukiwa umelazwa kwa nusu kaputi, na hili hufaa zaidi ndani ya wiki 12 za kwanza. Ukingoja miezi minane, kovu limeshakuwa gumu. Na kwa goti lililowahi kuvunjika, haja ya kukunjwa hivyo hutokea mara nyingi zaidi, kwa hiyo usione ni aibu wala uzembe wako.

Nifanyiwe wapi, na nimuulize nini daktari?

Magoti hubadilishwa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) na hospitali ya KCMC, Moshi, kwa Tanzania, na kwa Kenya hospitali kama Kikuyu na Kijabe, mbali na hospitali binafsi za miji mikubwa. Lakini jina la jengo halitoshi. Muulize: magoti ya waliowahi kuvunjika umeyafanya? Siku ya upasuaji kutakuwa na mashina marefu, kabari, na goti lenye kujishikilia, hata kama hutavitumia? Kifaa cha kutolea chuma changu kipo? Kama akikuta dalili za vijidudu, mpango ni upi? Daktari mzuri hachukii maswali haya.

Vipandikizi hivyo vya ziada vina bei yake, kwa hiyo omba hesabu kamili kwa maandishi na kibali cha bima, iwe NHIF kwa Tanzania au SHA kwa Kenya, kabla ya kupangiwa tarehe.

Nimesharudi nyumbani. Dalili zipi zinirudishe hospitali haraka?

Shavu la mguu, nyuma ya muundi, kuvimba na kuuma, au pumzi kukatika ghafla na kifua kuchoma: hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda, nenda saa hiyohiyo hata kama ni usiku. Vidole na unyayo kushindwa kunyanyuka juu kunaashiria mshipa wa fahamu umeguswa, hasa kama mguu ulikuwa umepinda sana ukanyooshwa. Kushindwa ghafla kunyoosha goti, au kusikia mlio na kuanguka, ni ukano au mfupa.

Na kidonda kinachoendelea kulowesha bandeji baada ya wiki ya kwanza, au goti lililokuwa linapoa kisha likaanza upya kuwa moto, jekundu na kuuma usiku: rudi kwa aliyekupasua. Usikubali kuanzishiwa antibiotiki kwenye duka la dawa au zahanati kabla goti halijanyonywa na kupimwa, isipokuwa una homa kali na hali mbaya. Maambukizi yakishikwa katika wiki chache za kwanza, goti linaweza kufunguliwa, kuoshwa na kubakizwa. Kama uko mbali, mwombe daktari wa zahanati ampigie simu aliyekupasua mkiwa mmeketi hapohapo.